Komeo la Mlango wa Perez

Rorya, 4 Machi 2024

Odoyo,

Huna aibu. Naanza na hilo ili ulisome kabla hujapata nafasi ya kulia. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, fundi, unakuja kwenye msiba wa shangazi yako Janet umelewa mpaka unaamkia mifugo. Ulimpa shikamoo ng'ombe wa jirani yetu Elias, ukangoja akuitikie. Watu walicheka, na waliocheka walikuwa wamekuja kulia. Mchungaji alisimamisha sala akusubiri umalize kutapika kwenye mihogo yangu.

Kuhusu mlango, sikuombi radhi. Ulikuja mchana kweupe, mvua inanyesha, ukagonga mara tatu, mimi nikashusha komeo. Walioona wakasema bibi huyu ana roho ngumu. Ninayo. Ina miaka sabini na miwili na bado inafanya kazi.

Lakini kuna neno nataka unijibu, na unijibu ukiwa hujanusa kitu. Ulipogonga ulisema, "Nifungulie, Pere." Hukusema Bibi. Ulisema Pere, na sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu ambaye kifua kimejaa maji. Nani kakufundisha jina hilo? Hapa duniani hakuna anayeniita hivyo. Baba yako Oyoo amekufa bila kulijua, na yeye nilimzaa mwenyewe. Kama umelipata kwa walevi wenzako, niandikie majina yao.

Simu najua uliinywa, kwa hiyo tutaandikiana. Mimi niliingia ngumbaru mwaka 1974, nikapewa cheti mbele ya watu, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa watoto wa siku hizi. Luhende, kondakta wa basi, ndiye atazibeba barua. Anapanga hukohuko Mirongo, nyumba ya tatu kutoka kwako, usiseme hakukuona.

Sasa sikiliza. Evelina wa zahanati ameniambia Mwanza kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe. Wanakaa pamoja, kila mmoja anasema lake, na hakuna anayecheka. Mimi ningecheka, ila mimi sijaalikwa. Anasema kiko hapo Mirongo, kwenye chumba nyuma ya kanisa. Kitafute. Usirudi kwangu kabla hujakipata.

Ziwa limepanda mwaka huu. Limefika kwenye zizi.

Bibi yako,
Perez Atieno


Mirongo, Mwanza, 15 Machi 2024

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana nilipokaa niliona kama nachapwa.

Msiba nakumbuka nusu. Ng'ombe namkumbuka, alikuwa na uso wa heshima. Mlango siukumbuki kabisa. Na hilo jina, Bibi, naapa, mara ya kwanza kuliona ni kwenye karatasi yako. Sijui lilitoka wapi kinywani mwangu.

Kazini Mayala ameninyang'anya nyundo. Unajua kazi yangu ni kuziba mitumbwi, unapiga pamba ndani ya nyufa taratibu, inataka mkono uliotulia. Wangu asubuhi unatetemeka mpaka niupe kidogo ndipo unyamaze. Juzi nilimponda mwenzangu kidole. Sasa nafagia maranda. Mayala kasema mwezi wa sita nikiwa bado hivi, nitafute pwani nyingine. Naandika hili ili ujue sifanyi mchezo. Nimechoka, Bibi. Nataka kuacha.

Kikundi nimekitafuta. Shida ni namna ya kuuliza. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza karanga, "Samahani, wale watu wa mkutano wanakaa wapi?" Akasema, "Wa VICOBA?" Nikasema hapana, wale wengine. Akanitazama machoni, akanielewa, akanionyesha mlango kwa kidole. Kumbe alinielewa vibaya. Ilikuwa kwaya. Nikaingizwa, nikapewa karatasi, nikaimbishwa besi nusu saa nzima. Nilidhani ndivyo wanavyoanza. Mwalimu wa kwaya alinisifu, akaniomba nirudi Ijumaa.

Nilipotoka nikamwendea mlinzi, nikaona bora niseme wazi. Nikamwambia natafuta wanaoacha pombe. Akakasirika.

"Wewe tena? Si nilikuambia Jumanne wamehamia Pasiansi? Kwenye darasa la chekechea, Jumamosi saa kumi jioni. Nikueleze mara ngapi?"

Nikasema mimi ndiyo mara yangu ya kwanza. Akanitazama miguuni muda mrefu.

"Leo afadhali umekuja mkavu," akasema.

Bibi, Jumanne nilikuwa kwa Mayala na ufagio. Kutwa nzima. Nina hakika. Karibu nina hakika.

Mjukuu wako,
Odoyo Oyoo


Rorya, 24 Machi 2024

Odoyo,

Shikamoo yako imefika. Marahaba nimeiweka, nitakupa siku utakayostahili.

Eti umeimba besi. Katika boma letu mwenye sauti nzito alikuwa mmoja tu, na sitaki kumtaja. Wewe tangu utoto una sauti ya kifaranga.

Hayo ya mlinzi usiyabebe. Pombe inakuibia siku. Ulikwenda Jumanne ukasahau, basi, imekwisha. Usinitilie maneno ya ajabu kwenye barua kama mtu wa redio.

Na kwa kuwa umeanza kuwaza, nikuwahi. Babu yako, ambaye umerithi jina lake, alikufa maji. Alikuwa kwenye nyavu, dhoruba ikamkuta. Mwili haukuonekana, tukazika tunda la yago badala yake, lile refu, kama desturi yetu ilivyo kwa aliyepotea ziwani. Tulilivisha shuka, tukalilia, tukalifukia. Hiyo ndiyo habari yake yote. Hakuna iliyobaki.

Jumamosi nenda Pasiansi. Vaa viatu. Usipite kwenye maji, hata ya mtaroni. Mvua ikinyesha usikae kwenye mitumbwi, mwambie Mayala bibi yako amekataza, akibisha aniandikie. Ukisikia mtu anakuita kutoka upande wa ziwa, usigeuke. Usiniulize kwa nini, mimi si mwalimu wako.

Perez Atieno


Mwanza, 7 Aprili 2024

Bibi, shikamoo.

Jana nilikipata. Naandika kila kitu kama kilivyokuwa, kisha wewe uniambie kama nimeanza kuharibikiwa akili.

Ni darasa la chekechea, karibu na ziwa, ukutani wamechora herufi a, ng'ombe na chungwa. Viti ni vya watoto. Watu wazima kumi na mmoja wamekaa magoti yakiwa karibu na masikio, na hakuna anayeona ajabu. Kiti kikubwa ni kimoja tu, cha mwalimu, kipo karibu na mlango. Kiongozi wao ni mama anaitwa Getruda, mnene, sauti ya kuuza dagaa. Hajanywa miaka kumi na mmoja.

Sikuwa nimefungua kinywa. Akasema, "Karibu, Odoyo."

"Mama, umenijuaje?"

"Nikujueje tena? Si wiki yako ya nne hii?"

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami. Akafungua daftari la mahudhurio. Odoyo, tarehe kumi na sita Machi. Odoyo, ishirini na tatu. Odoyo, thelathini. Kila moja ina alama ya vema.

Kuna mzee anaitwa Nkwabi, ndiye mpika chai wao, anapikia kuni hapo nje. Akanizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. "Leo umekuja kijana," akasema. "Wiki iliyopita ulikuwa mzee mwenzangu. Lakini uso ni uleule."

"Na leo hajalowa," mwingine akasema.

Nikawaambia labda mvua ilininyeshea. Getruda akasema tarehe ishirini na tatu jua lilikuwa kali mpaka mabati yanalia. Akasema mimi huingia wa mwisho, hukaa kile kiti kikubwa, nusu nimewapa mgongo, na kuondoka kabla ya chai. Nikaenda nikakishika kile kiti. Jana hakuna aliyekuwa amekikalia. Kilikuwa kibichi, Bibi. Maji yanadondoka kwenye mguu mmoja wa kiti.

Nikawauliza, nilisema nini? Maana pale kila mtu lazima aseme. Wakatazamana. Getruda ndiye akajibu.

"Kila wiki unasema lilelile. Kwamba ulirudi nyumbani adhuhuri, mvua inanyesha, ugali uko jikoni, unasikia harufu yake. Ukagonga mara tatu. Mke wako Pere akashusha komeo. Ukamwambia umeacha, hakukusikia. Tangu siku hiyo unatafuta mahali pa kusemea."

Mimi sina mke. Mlango wangu hauna komeo, una kitasa, nacho kibovu. Na jina la Pere nililiona kwako tu. Niliyasema mimi haya nikiwa nimelewa, au aliyasema nani?

Kitu kingine, sikuwahi kukuuliza. Wenzangu wote waliorithi majina ya babu zao, bibi zao wanawaita "mume wangu." Wanawatania, wanawadai kuni, wanawaambia mbona umechelewa kurudi nyumbani. Wewe hujaniita hivyo hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani kwa sababu mimi si mzuri.

Sijanywa siku tisa leo. Nilisimama jana nikasema, "Naitwa Odoyo, nimeacha siku nane." Wote wakajibu kwa pamoja, "Tumekusikia, Odoyo." Ndivyo wanavyofanya. Bibi, nililia kama mtoto, kwenye kiti cha mtoto. Kisha kutoka mlangoni, nyuma yangu, nikasikia mtu ameshusha pumzi.

Sikugeuka. Ulinikataza.

Odoyo


Rorya, 14 Aprili 2024

Odoyo,

Usiende tena huko.

Nilikosea kukutuma. Hao si watu wa kuacha pombe, hao ni watu wa mapepo, wanasoma maisha ya watu na kuyageuza hadithi. Huyo Getruda ninamjua bila kumwona. Mtu mnene anayejua jina lako kabla hujalisema hafai.

Mwanamume akitaka kuacha anaacha. Hahitaji kiti wala kusikilizwa na watu kumi. Achia hapo hapo chumbani kwako, funga mlango, kunywa maziwa. Siku tisa ni nyingi, zikikaa ndani zitazaa nyingine.

Hayo ya ugali na mvua usiyarudie kwa mtu yeyote. Umenielewa? Yeyote.

Maji yamepita zizi. Jana yamelifikia kaburi la babu yako. Udongo umelegea, umeingia ndani kama godoro alilolalia mtu. Nimeweka mawe juu.

Barua hii usiijibu.

Perez Atieno


Pasiansi, Mwanza, 6 Mei 2024

Mama Perez, shikamoo.

Hunijui, lakini nimesoma ulivyoniandika, na unene nakubali. Naitwa Getruda. Barua yako nimeitoa kwenye mfuko wa shati la mjukuu wako, ilikuwa imelowa, nimeianika kwenye kamba na chupi zangu ndipo ikasomeka. Nisamehe kwa yote mawili.

Odoyo yuko hai. Nimelitanguliza hilo.

Baada ya barua yako alikuja kwangu akasema bibi amekataza. Nikamwambia, mtii mkubwa wako, lakini njoo tu unywe chai kwa Nkwabi nje, usiingie ndani. Akakataa. Jumamosi tatu hakuja. Siku zake zilifika kumi na saba, zikakatika. Alijifungia kama ulivyomwagiza. Mama, mimi nilikuwa napika gongo kabla sijaanza kuinywa, najua habari zake. Mtu wa namna yetu ukimfungia ndani peke yake, umemfungia na nani? Umemfungia nayo.

Ijumaa, saa nne asubuhi, wachuuzi wa samaki wa Kigongo walimwona karibu na kivuko. Watu walikuwa wanapanda kwenda Busisi, yeye akashuka pembeni, akaingia majini na viatu. Alikwenda mpaka kifuani. Walipomfuata walimkuta amesimama wima, mkono juu, anagonga. Anagonga hewa, Mama, mara tatu, anapumzika, mara tatu. Anasema, "Nimekuja kuachia ziwani kama ulivyosema." Walimvuta wanaume watatu na alikuwa mzito kupita mwili wake. Mmoja aliniambia ilikuwa kama kuvuta watu wawili.

Yuko kwangu sasa, analala chumba cha wanangu. Hanywi, lakini hasemi. Anatazama mlango tu.

Sasa nakuja kwenye yule mwingine. Nimeanza kuandika sehemu hii mara nne. Macho yangu hayachezi, mimi nimeshaacha. Jumamosi tatu ambazo mjukuu wako hakuja, yule alikuja. Juzi nilimtazama vizuri. Ni uso wa Odoyo ukiwa na miaka arobaini, shati lina mtindo wa zamani, kola ndefu, na mikono imekunjamana ngozi kama ya mtu aliyefua siku nzima. Anasema maneno yake. Sisi tunamjibu, "Tumekusikia." Anatikisa kichwa, hapana. Hatutaki sisi. Anamtaka mtu mwingine amsikie. Anaondoka, na Nkwabi anapiga deki.

Wenzangu wameanza kuogopa, lakini hatujamfukuza. Hatuna desturi hiyo. Sisi pale mlango wetu hauna komeo, tuliliondoa makusudi.

Mimi sikulaumu. Lakini kama kuna kitu unakijua na hujakisema, kiseme, na umwambie mwenyewe. Mayala anamngoja mpaka mwezi wa sita. Ziwa sidhani kama litangoja mpaka hapo.

Wako,
Getruda


Rorya, 12 Mei 2024

Odoyo,

Marahaba. Hiyo ni ya barua zako zote mbili, na ya siku ya msiba pia, ambayo uliigawa kwa ng'ombe.

Kaa chini. Barua hii usiisome umesimama. Mama Getruda akae karibu. Mwambie yale ya unene nimeyafuta.

Babu yako hakufa kwenye nyavu. Hakukuwa na dhoruba. Ilikuwa mvua ya kawaida tu, mwaka 1983, adhuhuri, na mimi nilikuwa nasonga ugali. Asubuhi ile alikuwa amemchukua baba yako ufukweni, Oyoo akiwa na miaka sita. Akamlaza ndani ya mtumbwi, akaenda kunywa gongo, akamsahau. Mtumbwi ukajichukulia njia. Majirani walimkuta mtoto yuko mbali, amekaa katikati peke yake, hajalia, ameshikilia kata ya kuchotea maji. Wakaniletea. Nikambadilisha nguo. Nikarudi kwenye sufuria.

Ndipo akaja. Akagonga mara tatu. "Nifungulie, Pere." Ndivyo alivyoniita, yeye tu, tangu usichana wangu. Nikashusha komeo. Akasema, "Pere, nimeacha. Leo nimeacha. Nisikie basi." Alikuwa analia. Na mimi, Odoyo, nilicheka. Nilicheka kwa sauti ili asikie kule nje. Nikamwambia, "Nenda kaachie ziwani."

Alikuwa mlevi, lakini mimi nikimwagiza kitu hakuwahi kubisha.

Nilimwona kupitia ufa wa dirisha anashuka. Nilijua angegeuka akifika majini, ili nimfungulie baada ya kumtia adabu. Nikausonga ugali, nikaupakua, nikatenga wake. Hakugeuka.

Watu walipouliza nikasema dhoruba, nyavu. Waliamini. Nani angembishia mjane? Tukazika yago, na mimi ndiye niliyelilia kwa nguvu kuliko wote.

Sasa lako. Ulipozaliwa ulilia siku nne. Hukunyonya. Wazee wakasema kuna marehemu anataka jina, aliyeota aseme. Kwa desturi yetu anayekuja ndotoni kuomba ndiye anayepewa mtoto. Mimi nilikuwa nimengoja miaka kumi na miwili. Wajane wenzangu waume zao walikuja, wakawaomba chakula, wakawatukana. Wangu hakuja, hata kunitukana. Siku ile nikasimama mbele ya boma lote nikasema, "Odoyo amekuja usiku, anataka jina." Nilidanganya. Hakuja. Nilimvuta kwa uongo, nikakuvika.

Ulinyamaza papo hapo. Wanawake wakapiga vigelegele. Lakini mimi nilikuona, mtoto wa siku nne, uligeuza shingo ukatazama mlango.

Kwa hiyo sikuwahi kukuita mume wangu. Si kwa sababu wewe hukuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mno. Niliogopa nikikuita hivyo ataitika yeye.

Na siku ya msiba nilisikia kugonga kulekule, sauti ileile, mvua ileile, na nikafanya kitu kilekile. Miaka arobaini na mmoja ya kufikiri, na mkono wangu ukaenda kwenye komeo wenyewe. Kisha nikakuandikia ujifungie, uachie hukohuko. Barua ya Getruda ndiyo iliyoniamsha. Niliposoma ulichosema kule majini, nilitapika, mimi nisiyekunywa.

Jana nililing'oa komeo. Maji yamefika uani. Kaburi limefunguka, na yago halimo, nimetazama mwenyewe. Nikaketi kwenye kigoda mlango ukiwa wazi, kuanzia chai ya asubuhi, nikasema njoo basi. Adhuhuri mvua ikaanza. Nyayo zikaja. Sikuona mtu, Odoyo, niliona nyayo tu, zinajaa maji moja baada ya nyingine, kutoka ziwani mpaka kizingitini. Zikaishia hapo. Mlango wazi, chakula kimetengwa, na hakuingia. Nikasema, "Nimekusikia." Mvua ikaendelea kunyesha tu. Zikageuka zikarudi.

Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Nimeona kwamba nilimcheka kwa sauti, majirani wakasikia, kwa hiyo kumjibu kwa kunong'ona hakutoshi. Lazima aambiwe mbele ya watu, mahali anaposemea. Goti langu halinifikishi hata kanisani, na njia ya chini imekatwa na maji. Kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kusema badala yangu, nami ndiye niliyempa jina bila ruhusa.

Luhende anakuletea barua hii na kipande cha mti. Ndilo komeo. Usiliache kwenye basi kama ulivyoacha begi la shule.

Jumamosi, tarehe kumi na nane, oga, vaa shati safi, nenda Pasiansi na Mama Getruda akushike mkono. Komeo mpe mzee Nkwabi, alipasue, alitie chini ya sufuria ya chai. Ni mti mgumu, linawaka polepole, asilinyime upepo. Wewe kaa kiti kidogo kando ya kile kikubwa. Usimwogope. Alikuwa mlevi, hakuwa mbaya, na hana mwingine wa kukaa naye.

Akiingia, mwache aseme yake yote. Akimaliza, simama, na useme kwa sauti ili wote wasikie: "Perez Atieno anasema alikucheka na alikosea. Perez Atieno amekusikia kwamba umeacha." Useme jina langu lote. Kisha useme lako, kwamba na wewe umeacha, hata kama ni siku moja. Mama Getruda aandike majina mawili kwenye daftari, mstari wake na mstari wako, msichanganywe tena.

Chai ya kwanza mpe yeye. Safari hii asiondoke kabla ya chai. Wewe kunywa ya pili, yote, usiache chini.

Jumatatu nenda kwa Mayala ukachukue nyundo yako. Na mwisho wa mwezi, siku zako zikiwa zinajitegemea, panda basi la Luhende uje nyumbani, mume wangu. Ukifika usigonge. Ingia.

Mkeo,
Pere